Injini ya Ziwani Kwenye Vilima vya Mbuba

Uani kwangu Mbuba kuna injini za boti. Mgeni huziona kabla ya kuniona mimi, maana ya kwanza imekaa karibu kabisa na mlango, chini ya turubai, na asiyeangalia anapokanyaga huondoka na ugoko uliochubuka. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na ana ulimi. Huwajibu wageni hata kabla hawajauliza: "Tunasubiri ziwa. Siku likifika Mbuba, sisi tutakuwa tayari." Utani huo ameurudia miaka nenda rudi, na kila mara anaucheka yeye mwenyewe kwanza. Nimeshamsamehe.

Hata hivyo, swali la wageni ni la haki. Ngara ni vilima, migomba, kahawa na maharage. Maji makubwa tuliyo nayo ni mto Kagera, na pale Rusumo, ninapofanya kazi ya uwakala wa forodha, mto huo unaporomoka kwenye miamba kwa namna ambayo hakuna mwenye boti angeitamani. Injini ya boti ina shughuli gani huku?

Shughuli yake ilikuwa kusaga mahindi. Zamani, wakati wilaya ya Biharamulo bado inafika hadi ziwani, boti za mizigo zilikuwa zinaoza ufukweni huku injini zake zikiwa bado na nguvu. Chuma kilikuwa kinaishi kuliko mbao. Basi watu wakawa wanazing'oa, wanazipakia kwenye malori na kuzipandisha huku juu, ambako zilifungwa mkanda na kuzungusha vinu. Vijiji vingi vya Ngara na Biharamulo vimekula ugali uliosagwa na mashine iliyozaliwa kwa ajili ya maji, na wengi walioula hawajui. Mimi najua, kwa sababu baba yangu alikuwa mmoja wa walioleta.

Sasa umeme umefika vijiji vingi, mashine za umeme zinasaga kimya kimya, na injini za zamani zimegeuzwa viti vya vilabu au nanga za kufungia mbuzi. Kinachobaki huchukuliwa na wanunuzi wa chuma chakavu, watu wanaokuja na nyundo kubwa na mizani na kuondoka na kila kitu hadi bawaba za milango. Injini yangu ya kwanza niliitoa mikononi mwao. Walikuwa wameshainua nyundo. Niliwafokea mpaka mmoja wao akaniamkia shikamoo, ingawa tulikuwa rika moja.

Kuitambua injini ya boti si kazi ngumu, ila inataka subira, na subira mimi ninayo kwa vyuma tu. Kibati chenye jina la kiwanda huwa sikiangalii kabisa. Wenye vinu walikuwa na tabia moja: kibati cha kiwanda kinachoheshimika kilikuwa kinang'olewa kwenye injini iliyokufa na kupigiliwa kwenye iliyo hai, mteja akifika aone jina na aamini unga wake utakuwa laini. Nimewahi kukuta injini yenye vibati viwili vya viwanda viwili, na mwenyewe akaniapia kwamba vyote ni vya kweli.

Ninachofuata ni njia ya maji. Injini ya nchi kavu hubeba maji yake yenyewe. Ya boti haibebi, kwa sababu inajua ziwa liko chini yake. Ina pampu ya kuyavuta na mdomo wa kuyatema. Bomba lake la moshi limevikwa bomba jingine la kupitisha maji, mbao za boti zisije zikashika moto. Kisha natafuta shaba. Nasugua kwa ndimu na majivu pale penye rangi nyeusi, na ikitokea njano, moyo wangu huenda mbio kama wa msichana. Mwisho naangalia miguu. Injini ya boti ina miguu iliyotanuka pembeni, maana ilizoea kulala juu ya mbao mbili ndefu ndani ya boti. Hayo yote nilifundishwa na baba, aliyekuwa fundi wa injini kwenye boti ya mizigo kabla sijazaliwa.

Boti ile ilipooza, mwenyewe alimwachia baba injini. Baba akaja nayo Mbuba, kwa mke wake mpya, yaani mama yangu, akajenga kibanda cha kinu. Alipomaliza ndipo akakumbuka kwamba injini inataka ziwa. Bila maji ya kuvuta na kutema ingechemka na kupasuka siku ya kwanza.

Mama alikuwa na mtumbwi. Huku kwetu gogo lililochongwa la kukamulia ndizi za pombe tunaliita mtumbwi, hata kama halijawahi kuona ziwa. Wake ulikuwa wa mninga, mrefu kuliko kitanda, umechongwa na baba yake kwa tezo na kupewa yeye alipoolewa. Pombe yake ya ndizi, rubisi, ilikuwa inasifiwa hadi ng'ambo ya bonde. Harusi haikuitwa harusi kama mtumbwi wake haukufanya kazi. Baba aliuangalia mtumbwi, akamwangalia mke wake, na kwa muda wa chakula kizima hakusema neno. Mama ndiye aliyesema: "Chukua."

Baba akatoboa tundu kwenye kila ncha. Maji yakawa yanavutwa upande mmoja, yanazunguka ndani ya injini, yanatemwa upande wa pili yakiwa ya moto, na yanapoa yakisafiri kurudi kwenye urefu wa mtumbwi. Injini ikawa imepata ziwa lake. Wanawake wa kijiji walikuwa wanasubiri unga huku wanachota maji ya moto kuogeshea watoto. Nami niliogeshwa kwa maji hayo, nikavaa sare iliyotokana na unga ule, na nikasoma hadi nikapata kazi ya kukaa kwenye kiti. Mama hakukamua tena ndizi. Gogo lililokunywa dizeli halitoi pombe ya kunyweka.

Miaka ilipopita joto likaupasua mtumbwi, na baba akaweka pipa mahali pake. Wiki hiyo mama alikuwa kwao kwenye msiba. Aliporudi alikuta pipa, mtumbwi haupo, na rundo la kuni zilizopasuliwa karibu na jiko. Hakuuliza. Alitusimulia sisi watoto tulipokuwa wakubwa, akiwa anachambua maharage, kwa sauti ya kawaida kabisa na kwa ulimi wake unaogeuza kila l kuwa r: "Mtu akishapasua mtumbwi wa baba yako akafanya kuni, utamuuriza nini?" Na baba naye hakuwa msemaji. Alikuwa akiongea na injini zaidi kuliko na sisi.

Kilipokuja kinu kikubwa karibu na barabara, wateja wakahamia huko. Baba akaiuza injini kwa Msukuma mmoja aliyekuwa anahamia upande wa Biharamulo na ng'ombe wake. Baadaye baba akafariki. Jina la Msukuma yule hakuna aliyelikumbuka.

Mwaka juzi, masika yalipoanza, masikio ya mama yakaanza kufunga. Tulimpeleka hospitali, daktari akamwangalia kwa upole mwingi na kutuambia kwamba masikio yamechoka na yataendelea kuchoka. Tukiwa njiani kurudi, mama akaniambia: "Kabra hayajafunga kabisa, nataka niisikie mashine yetu ikiita. Mara moja tu." Alisema kama mtu anayeagiza chumvi. Mimi, mwenye ua uliojaa injini za watu wengine, sikuwa na ile moja aliyoitaka.

Hapo lazima nieleze kuita. Kila mwenye kinu alikuwa anaweka kopo kwenye mdomo wa bomba la moshi. Kopo lilitobolewa kwa namna ya mwenyewe, na injini ikiwaka, moshi ulipita humo ukipiga mwito unaovuka mabonde mawili. Mwanamke akiwa shambani anausikia, anajua ni kinu cha nani kimewashwa leo, anajitwika mahindi. Kopo la baba lilikuwa la mafuta ya kupikia, limetobolewa matundu kwa msumari mnene, na lilikuwa linaita kama jogoo mwenye mafua. Ukiwa mtoto wa nyumba ile ulikuwa unaona aibu kidogo, lakini ungeutambua mwito huo hata ukiwa usingizini.

Niliwatangazia madereva. Malori yote yanayopita Rusumo hulala Nyakanazi, na dereva aliyelala Nyakanazi ameona mengi. Nikawaambia kila mmoja niliyemshughulikia nyaraka: ukisikia kinu kinaita kama jogoo mwenye mafua, nipigie. Walinicheka sana. Lakini walipiga. Walinitumia picha za injini za trekta, za jenereta, na mmoja alinitumia picha ya jiko la kuokea mikate. Mungu awabariki wote, hata yule wa jiko.

Mwishowe niliisikia mwenyewe. Nilikuwa Nyakanazi nasubiri basi, mbele yangu sahani ya wali maharage, na kutoka nyuma ya nyumba za wageni kikaja kile kikohozi cha kuku. Niliacha sahani pale pale. Mama ntilie alinikimbilia akidhani natoroka bila kulipa, nikamwachia pochi nzima mkononi, nikaendelea kukimbia. Barabara ya vumbi, mashamba, kibanda. Ndani kulikuwa na injini ya boti, miguu yake imetanuka, pampu ya shaba, na juu ya bomba kopo lililoliwa na kutu lenye matundu ya msumari mnene. Niliegemea ukuta nikalia mbele ya watu waliokuja kusaga.

Mwenye kinu alikuwa kijana mstaarabu, na umeme ulikuwa unamfikia mwezi ule, kwa hiyo tulielewana haraka. Injini ikapanda Fuso hadi Mbuba. Tuliifunga uani, mama akaletewa kiti, wajukuu wakanyamazishwa, mume wangu akashika hendeli akazungusha. Ikawaka. Kopo likaita.

Mama aliinamisha kichwa, akafumba macho, akacheka. Machozi yakawa yanateremka na kicheko hakiachi. Halafu akanyoosha mkono kuelekea kwenye bomba. "Toeni hiro kopo."

Tukalitoa kwa koleo. Injini ikabaki na sauti yake yenyewe, tu-tu-tu-tu, mfululizo. Mama akasikiliza kwa muda, akatikisa kichwa.

"Kopo ni retu," alisema. "Mashine si yetu. Yetu irikuwa inapumua katikati."

Nilirusha spana. Sikumrushia mtu, niliirusha kwenye migomba, na ilinichukua muda kuipata tena. Kopo! Nimejenga jina langu lote juu ya kutoamini vibati, halafu nimedanganywa na kopo. Mume wangu, kwa hekima ya ghafla ambayo sijamzoea nayo, alikwenda kuchemsha chai na hakusema lolote kuhusu ziwa.

Nilipotulia nilimpigia kijana wa Nyakanazi. Naye akanieleza bila wasiwasi: kopo alipewa na mama mmoja wa ndani ndani huko, njia ya kwenda Biharamulo. Mashine ya mama huyo ilipolala, wateja wake walikuwa wameshazoea mwito wa lile kopo, basi kijana alipofungua kinu chake aliliomba ili wasipotee. "Si unajua watu hawafuati mashine, wanafuata mwito," aliniambia. Nilijua. Ndiyo maana nilikasirika.

Kwenda huko kulichelewa. Kazi ilinibana, mvua ikakata njia, na katika kungoja huko masikio ya mama yaliendelea kufunga. Kwanza akaacha kusikia redio. Kisha akaacha kusikia kuku. Nilikuwa nikirudi nyumbani mwisho wa juma nasimama nyuma yake na kumwita polepole, nipime kilichobaki. Mara ya mwisho niliita kwa sauti ambayo jirani aliitika.

Barabara ilipokauka nikaenda. Ilikuwa boma kubwa la Wasukuma, ng'ombe wengi, nyasi fupi. Aliyetoka kunipokea alikuwa mwanamke wa rika langu, mjane, mkwe wa yule Msukuma aliyenunua injini kwa baba.

"Mwadila, mayo," alinisalimia kwa Kisukuma, yaani umeshindaje, mama, akanikaribisha kwenye kivuli cha paa la kibanda. Nilimweleza kila kitu, kuhusu mama na masikio na kopo. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akafungua mlango wa kibanda.

Injini ilikuwepo, na sikuitambua.

Kibati kilikuwa cha kiwanda kingine. Pampu ya shaba niliyokuwa naisugua utotoni ilikuwa imebadilishwa, ikawekwa ya chuma, nayo imekufa. Ndiyo iliyofanya mashine ilale. Gurudumu zito la pembeni lilikuwa jipya. Rangi ilikuwa tabaka juu ya tabaka, bluu juu ya kijani juu ya nyekundu. Nilisugua ndimu nzima nikapata chuma kitupu. Hakukuwa na alama hata moja ya kuniambia ndiyo au hapana.

"Mkwe wangu aliinunua Ngara," yule mama alisema. "Mashine ya Ngara tumekuwa nayo hii hii tu. Lakini kila kilichokufa tulibadilisha, mayo. Ungefanyaje? Watu wanataka ugali."

Kijijini kwake umeme ulikuwa bado nguzo tupu, na alikuwa anatembea mwendo wa asubuhi nzima kwenda kusaga. Nami uani nilikuwa na injini inayowaka vizuri ambayo mama yangu haitaki. Tulitazamana tukacheka kwa pamoja, maana wote wawili tuliliona wakati mmoja. Nitamletea ile, nitachukua hii. Alinishika mikono yote miwili. Nilimshukuru, naye akanishukuru zaidi, tukabaki tunashindana kushukuru mpaka vijana wa Fuso wakaanza kukohoa.

Wakati wa kupakia nikawaambia vijana waifungue injini kwenye magogo yaliyokuwa chini yake. Yalikuwa magogo mawili meusi, mazito, marefu kuliko injini, yametokeza mbele na nyuma kama mbao za kitanda, yamejaa oili na unga wa miaka. Fuso ilikuwa na mizigo mingine ya watu, na nilikuwa na haraka.

"Usiyaache," yule mama akasema.

"Ni uzito wa bure, dada. Nyumbani nitaifunga kwenye zege."

"Tulijaribu zege. Ilikuwa inarukaruka, ikakata bolti zote. Mkwe wangu alituambia aliyemuuzia alimsihi: injini hii na magogo yake msitenganishe. Sisi hatukujua kwa nini, tukashika tu."

Nilinung'unika, lakini niliyapakia. Nashukuru kwa kila kilo.

Niliifunga injini juu ya magogo yake, na matengenezo yalichukua muda wa kahawa kuiva. Pampu nilipata kwenye injini nyingine ya uani, gaskiti nilikata kwenye ngozi ya kiatu cha zamani cha mume wangu, ambaye alidai kilikuwa bado kipya. Siku ilipowaka kwa mara ya kwanza ilikuwa jioni, mama amelala. Nilisimama pale nikisikiliza, na nadhani nilisikia ikipumua katikati. Lakini mtu anayetaka kusikia kitu atakisikia, na mimi nilikuwa nataka mno. Hakuna aliyeweza kuniambia kweli isipokuwa mama, na mama kwa wakati huo alikuwa hasikii hata mlango ukibamizwa.

Asubuhi tulimtoa nje hata hivyo. Nilimwekea kiti, nikaweka kopo la baba kwenye bomba, nikawasha mwenyewe. Kopo likaita, jogoo na mafua yake, bonde lote likasikia. Mwanamke mmoja ng'ambo akasimama shambani na kushika kiuno. Mama alikuwa ananiangalia mimi, anatabasamu kwa adabu, kama mtu anayesalimiwa kwa lugha asiyoijua. Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Akakishusha.

"Inaita?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikageuka niangalie kahawa, kwa sababu uso wangu haukuwa wa kuonyesha mzazi.

Nilipogeuka tena mama alikuwa ameinuka kwenye kiti. Alikuwa akiisogelea injini polepole, mkono mbele, nikakimbia kumzuia asiungue. Lakini hakuwa anaenda kwenye chuma. Aliinama kwenye gogo, pale linapotokeza mbele ya injini, ambapo nilikuwa nimekwangua oili kidogo na wekundu wa mti ukaonekana. Akapitisha kiganja juu yake. Kisha akapitisha vidole ubavuni, upande wa ndani, ambao mimi sikuwa nimejali kuutazama, na nikaona kwamba ubavu ule haukuwa umenyooka. Ulikuwa umejipinda kwa ndani, na wote umejaa makovu madogo madogo ya tezo, yamepangana kama magamba ya samaki.

Mama akaendelea kupapasa hadi ncha ya gogo. Huko kidole chake kikasimama. Palikuwa na tundu la mviringo, limezibwa kwa kipande cha mti kilichopigiliwa vizuri sana, kazi ya mtu mwenye subira kwa vitu visivyosema.

Aliketi juu ya gogo. Injini ilikuwa inaunguruma nyuma yake na gogo lote linatetemeka, na yeye nalo, mabega na khanga na mikono. Akafumba macho vile vile kama siku ya kopo.

"Inapumua katikati," alisema.

Hakuwa anasema nami. Alikuwa anasema kwa sauti kubwa, kama mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Hakuuchoma," alisema. "Miaka yote nirijua ameuchoma. Kumbe ariuweka chini ya mashine yake."

Baba, ambaye hakuwa msemaji. Angeweza kuufanya kuni kweli, ulikuwa umeshapasuka. Badala yake alikata yale mapande mazima mawili, mabaki tu ndiyo yakawa kuni, akaziba tundu alilolitoboa, akaitandikia injini yake kitu kizuri kuliko vyote vilivyokuwa nyumbani, na alipoiuza akamsihi mnunuzi asivitenganishe. Lakini kumwambia mke wake hakuweza. Huenda alidhani mama ameyaona magogo yale. Mama alikuwa hakanyagi kibandani tangu lile pipa liletwe.

Mama alifungua macho akanitafuta. "Nirimnunia," alisema. "Harafu yeye anasaga juu ya mtumbwi wa baba yangu kira siku. Ningejua, ningemwambia asante."

Nikaenda nikaketi kando yake juu ya gogo. Akaniwekea mkono gotini, ukiwa unatetemeka kwa mtetemo wa mashine, na mume wangu akasimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakuna aliyekwenda kuizima. Tulikaa pale mimi na mama, tukitetemeka pamoja, mpaka dizeli ikaisha kwenye tenki.